Waliokunywa Kombe la Hofu

Salt, Jordan
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwako kaka yangu mpenzi Awad,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye joto la Ghuba, zikukute mzima, umekula, umelala, na umekaa kitako. Hilo la mwisho ni la lazima. Kama umesimama mlangoni unasoma huku unavua viatu, kama ulivyo mtindo wako, tafadhali keti kwanza. Na simu uizime kabisa, si kupunguza sauti. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, yuko barazani anachambua bamia na kulalamika kwamba nimejifungia chumbani kama mwali. Mama mkubwa Fidda ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Hakuna aliyekufa. Nalisema hili mapema kwa sababu nakujua, na kwa sababu nawe unaijua tabia ya watu wetu: mtu akiwa mbali huambiwa mama ana homa kidogo, njoo umwone, naye akifika hukuta matanga yamekwisha. Wallahi hii si barua ya namna hiyo.

Najua umecheka kuona karatasi. Barjas naye, akifunga mizigo ya kurudi huko kwenu, alicheka nilipomkabidhi. Aliniuliza kama simu zimekwisha mjini au nimeanza kuandikiana na mchumba wa zamani za Waturuki. Nilimwambia akuletee mkononi na akae nawe mpaka uimalize. Kwa hiyo kama sasa hivi ameketi mbele yako, anatafuna aprikoti kavu nilizokupelekea wewe, na anakukodolea macho kila ukigeuza ukurasa, mvumilie. Hajui yaliyomo. Anajua kazi yake moja tu, na nitakueleza ni ipi nikifika mwisho.

Nianze na habari za nyumbani. Ukija hutaijua nyumba yetu kwa ukimya. Kengele ya mlango nimeikata waya. Wageni sasa wanatuita kutoka barabarani, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa hiyo nimefunga kamba dirishani, mtu akiivuta kitambaa kinacheza ndani tukakiona. Watoto wa jirani wanaivuta mchana kutwa. Muuza gesi, yule wa gari lenye muziki wa kukera, nilimkimbilia mpaka kwenye ngazi za chini na nguo za nyumbani nikamwomba akifika kwetu azime. Aliniuliza muziki wake umenikosea nini. Nilimwambia haukunikosea kitu, ila una kelele. Ni mtu mwema. Sasa akifika chini ya dirisha anapiga mluzi mdogo kama anayeita paka, na mama mkubwa Fidda anasema mwanamume anayepiga mluzi chini ya nyumba yenye msichana hataishia kwenye gesi, ataleta posa au ugomvi.

Saa yangu ya kuniamsha nimempa mtu. Asubuhi mama huingia na birika la kahawa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniacha nikaamshwa na harufu ya iliki. Haniiti wala hanigusi bega. Siku nyingine nachelewa kazini kwa sababu mafua yamenikamata sisikii harufu, naye ameketi tu ananitazama.

Nimeinuka kidogo hapo. Nilisikia pikipiki, nikatoka kumwangalia mama. Hajambo, amenifukuza. Ndivyo ninavyoishi siku hizi, kaka, roho juu. Masikio yangu hayana mapumziko. Sahani ikigongana na sahani nakimbilia jikoni. Wewe ulikuwa unanitania kwamba mzee wetu alikosea kuniita Itidal, mtu wa utulivu, na leo nakupa haki yako.

Sasa nisogee kwenye habari yenyewe. Mama alianguka kabla ya Ramadhani. Alianguka, akainuka, na narudia kwamba sasa anachambua bamia. Tulimpeleka hospitali Amman, akalazwa, akawekewa kijidude chini ya ngozi karibu na bega, chenye kazi ya kuulinda moyo usipotee njia. Mama anakiita mgeni. Anasema ni mgeni wa kwanza katika nyumba hii asiyedai chai. Kila ulipopiga nikakwambia amelala, au yuko kwa mama mkubwa, au yuko kuoga, alikuwa huko. Uliniuliza siku moja kwa ukali mama anaoga mara ngapi kwa siku. Nilikata simu nikalia.

Hospitali tulipewa daktari mwanamke, Daktari Sawsan, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alituita mimi na mama mkubwa Fidda akatuuliza kama kuna mtu wa ukoo wetu mwenye ugonjwa wa moyo. Mama mkubwa aliona ametukanwa. Alimjibu kwamba sisi ni watu wa milimani, tunapanda ngazi za Salt na magunia ya unga, mioyo yetu ni ya chuma, labda aulize ukoo wa shemeji yake, yaani baba yetu. Daktari akauliza kama kuna waliokufa ghafla wakiwa vijana. Hapana, akasema mama mkubwa, kila aliyekufa alikufa kwa siku yake na kwa sababu inayojulikana. Tukakaa hivyo, mmoja anauliza, mwingine anakana, nami katikati natamani ardhi inimeze.

Halafu, tukiwa tunaaga, mama mkubwa akasema kwamba huyu dada yake hana ugonjwa wowote, ana hofu tu iliyomwingia, na hospitali wakimaliza mambo yao atamletea kombe.

Daktari akamwuliza kombe gani.

Unalijua, kaka. Kombe la hofu la bibi Wadha, la shaba, lenye aya zilizochongwa ndani na vile vijiulimi vinavyoning'inia pembeni. Maji hulala humo juu ya paa usiku, na aliyeshtuka huyanywa asubuhi kabla hajasema na mtu. Nusu ya mtaa huja kuliazima. Tulikua tukijiona watu wa baraka kwa kuwa nalo. Mama mkubwa akaeleza yote haya kwa fahari, nami nilikuwa natazama sakafu kwa aibu, nikingoja daktari atabasamu lile tabasamu la wasomi.

Hakutabasamu. Alivua miwani, akaketi tena, akamwomba mama mkubwa amtajie watu wa nyumba yetu waliowahi kunyweshwa kombe hilo, na kila mmoja alishtushwa na nini.

Kaka, yule mwanamke ambaye dakika chache nyuma hakuwa na hata mgonjwa mmoja, alifungua mdomo hakuufunga. Bibi Wadha mwenyewe, bati la paa lilipoanguka. Mjomba Falah, alipopigiwa honi na lori, akazirai, akanywa, akapona. Akazirai tena kwa radi, akanywa tena. Mara ya tatu ulikuwa mzinga unaopigwa saa ya kufuturu, akaanguka na tende mdomoni, na hiyo tukasema ni bahati njema kufa katika saa tukufu kama ile. Binti yake Nawf, siku ya arusi yake, waliposhangilia kwa bunduki. Mimi, chungu cha mvuke kilipopasuka. Mama, mara nyingi hata hazihesabiki, mpaka baba marehemu alikuwa akiingia ndani anakohoa kwanza. Mama mkubwa alikuwa anaendelea kutaja, lakini sauti yake ikawa inapungua, inapungua, na mwishowe akanishika mkono. Nadhani ndipo nasi tulipojisikia. Watu wote hawa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini nyumba moja ina waliokunywa wengi kiasi hicho.

Daktari alitueleza kwa maneno mepesi, nami nitajaribu kuyaleta kama yalivyo. Mwilini kuna mishipa ya fahamu isiyongoja amri yetu. Ndiyo inayouendesha moyo tukiwa tumelala au tunafikiria mengine. Upande mmoja kazi yake ni kuhimiza, upande wa pili ni kutuliza. Mtu akishtuka, ule wa kuhimiza huurukia moyo kabla mwenyewe hajajua amesikia nini. Kwa watu wengi moyo hupiga mbio kidogo, mtu akatukana, akacheka, basi. Sisi moyo wetu ukishapiga hukawia kujiweka tayari kwa pigo linalofuata. Ndivyo tulivyozaliwa. Amri ya ghafla ikiuangukia katikati ya kukawia kule, hauwezi tena kupiga, unatetemeka tu, na damu haifiki kichwani. Mara nyingi hujirudi wenyewe, mtu akaamka ameloa jasho, sisi tukapanda paani na kombe. Safari nyingine haujirudi. Nilimwuliza kwa nini mama aliangushwa akiwa usingizini. Alisema aliyelala yuko mikononi mwa ule upande wa kutuliza, na kishindo kinapomtoa huko kwa ghafla ndipo hatari huwa kubwa.

Mama mkubwa alisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi kwamba basi si ndivyo tulivyosema, ni hofu. Daktari alimkubalia. Alisema tulikuwa kwenye kweli siku zote, ila tulikuwa tunatibu hofu iliyokwisha kupita, na inayotuua ni ile inayokuja.

Mimi wamenipima. Ninao moyo huo. Usishtuke, tafadhali usishtuke, nikiandika neno hili nacheka mwenyewe kwa uchungu. Ninameza kidonge kila siku kinachouzuia ule upande wa kuhimiza usitupe amri zake kwa fujo, ninakula ndizi na tende, na dawa yoyote nyingine sinywi bila kuuliza. Daktari anasema mtu wa namna hii, akijulikana na akitunzwa, anaweza kuzeeka akawa msumbufu kama mama mkubwa Fidda. Nawf aliyebaki salama naye amepimwa, yuko kwenye vidonge. Ukoo mzima unapimwa.

Amebaki mmoja.

Unakumbuka kengele mpya ya shule, ile ya umeme waliyoifunga juu ya dawati lako? Ulianguka chini, mwalimu akakuchapa akidhani unaigiza. Ulinyweshwa kombe na ukasema maji yana ladha ya funguo. Na juzi tu, likizo yako ya mwisho, kwenye arusi ya mtoto wa Abu Sayil, bunduki zilipolia uliketi chini ghafla katikati ya ngoma ya dabke, umepauka midomo. Uliniambia ni mansaf, mafuta yalizidi. Watu walikucheka kwamba zimamoto ameshindwa na bakuli la wali. Mimi nilicheka nao.

Kila mtoto wa mama yetu ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi moyo huu. Mimi nimeupata. Wewe hatujui, na mimi nalala na hilo, naamka nalo.

Sasa uelewe kwa nini sina raha tangu ulipotutumia ile picha. Umevaa kofia ya chuma, umesimama mbele ya gari jekundu, umeandika kwamba wamekutoa kwenye ukaguzi wa mipira ya maji mchana na kukuingiza kikosi cha kwanza, wale wanaolala kituoni na kuamshwa kwa king'ora. Unaanza mwezi ujao. Mama aliibusu ile simu. Mimi nilimpigia Daktari Sawsan. Mtu wa ukoo wa kombe la hofu, Awad, kalazwa chini ya king'ora!

Najua utasema walikupima kazini na moyo wako wakausifu. Nilimwuliza daktari. Alisema moyo huu unajua kujificha mtu akiwa ametulia, ni lazima apimwe na mtu anayejua anachotafuta. Ndani ya bahasha kuna karatasi yake kwa hospitali ya huko. Najua pia ninachokuomba. Ulikuwa unalilia gari jekundu tangu ulipokuwa huwezi kutamka neno zimamoto. Ikionekana unao moyo huu, hutalala kituoni kamwe. Utarudi kwenye mipira ya maji, na wenzako watauliza kwa nini. Naumia kukuandikia hivi, lakini naumia zaidi nikinyamaza.

Nakujua, utasema king'ora umekisikia miaka mingi na hujafa. Kwa hiyo inanibidi nikupe na neno la mwisho, ambalo mama ameniapisha kwa maziwa aliyoninyonyesha nisikwambie. Navunja kiapo chake leo, na aninyime radhi akitaka, mradi mimi nawe tuwe hai. Mwangalie Barjas. Mwambie aache kutafuna. Vuta pumzi.

Kilichomwangusha mama ni simu. Aliilaza chini ya mto, sauti ameipandisha mpaka mwisho, kwa sababu wewe humpigia alfajiri na yeye huogopa kupitiwa na usingizi asikusikie. Siku hiyo alipitiwa. Nilipoingia chumbani ilikuwa bado inalia na picha yako inawaka, umechekelea, na mama amelala chali anakoroma.

Ni wewe uliyenifundisha kwamba mkoromo ule si usingizi. Umesahau? Likizo ileile, ulitupanga sebuleni ukaweka mto wa kochi sakafuni, ukatufundisha kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Mama mkubwa alikuuliza huo mto umekukosea nini, au ndivyo utakavyomfanya mkeo. Mama alicheka mpaka akafuta machozi na ushungi. Wewe hukucheka. Ulinishika mikono ukaiweka mahali pake, ukaniambia katikati, kwa nguvu, usimhurumie.

Sikumhurumia. Nilimshusha sakafuni nikabonyeza. Kitu kikalia kwenye mbavu zake, nikaendelea. Nilikuwa nakutukana wewe, kaka, kwa sauti, matusi ambayo sikujua ninayajua, kwa sababu simu ilinyamaza ikaanza tena, na sikuwa na mkono wa kuizima. Niliendelea mpaka watu wa uokoaji walipopanda ngazi na mashine yao. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba kama ningewangoja wasingemkuta mtu wa kumrudisha. Aliuliza nani alinifundisha. Nilimwonyesha ile picha.

Hayo ndiyo yaliyotokea, yote mawili ni yako, na sitakuruhusu uchukue moja uache la pili. Mama alipopata fahamu, neno lake la kwanza lilikuwa nisikwambie. Alisema ukijua hutampigia tena, na yeye maisha yasiyo na sauti yako asubuhi hayataki.

Kazi ya Barjas ni hii: nimemfundisha kwenye mto uleule. Nilimwambia anaweza kukutana na ajali njiani, afadhali ajue. Anabonyeza kama mtu anayekanda unga, lakini anajua. Kesho asubuhi nenda naye hospitali na karatasi ya daktari. Leo usiku usilale karibu na kengele yoyote. Ndani ya mfuko, chini ya viungo vya zaatari, utakuta kombe lenyewe limefungwa kwenye kilemba cha baba. Mama mkubwa ameng'ang'ania liende. Ukitaka kunywa, kunywa, lakini ukishapimwa.

Wakusalimu mama mkubwa Fidda, anayesema ukioa huko bila kumshirikisha atakuja kwa miguu, Nawf na mumewe, Abu Sayil, na muuza gesi, ambaye hukumzoea lakini sasa ni kama mtu wa nyumbani. Nisalimie wenzako wa kituoni, hata wale wa kikosi cha kwanza.

Mama amekuja sasa hivi, amekwaruza mlango kwa kucha, ndivyo tunavyobisha siku hizi. Ameuliza kama nimekuandikia salamu zake. Nimemwambia ndiyo, zimejaa karatasi. Ana simu mkononi, ameizima sauti. Kila siku anaamka kabla ya alfajiri, anaketi nayo mapajani gizani na kuitazama, ili iwake akiwa tayari anaiona. Anasema nikwambie humpigii siku hizi kama zamani. Anasema upige wakati wowote, hata alfajiri, usiogope kumwamsha, yeye yuko macho.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Itidal